Maneno ya mashine ya ECG yasimnyime kijana kazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Barua yangu ni ndefu, nami nakusihi usiikate katikati, kwa kuwa nusu ya kwanza ikisomwa peke yake itawatia watu hofu, na nusu ya pili peke yake haitaeleweka.

Mimi ni mkazi wa Umoja hapa Nairobi, mzaliwa wa Kisauni. Kwa miaka 27 nimefanya kazi ya kupima umeme wa moyo, kipimo ambacho siku hizi hata bibi wa kijijini hukiita ECG. Mimi ndiye yule anayekwambia vua shati, lala chali, nyoosha mikono, usizungumze. Mimi ndiye ninayekupaka jeli ya baridi kifuani ukaruka. Vibandiko 10, mitazamo 12, na karatasi yenye miraba midogo ya waridi ikitoka milimita 25 kila sekunde. Sikusomea udaktari na sijawahi kujiita daktari. Lakini karatasi hizo zimepita mkononi mwangu nyingi mno, na mtu akizoea kitu kwa muda mrefu hivyo, macho yake hukwama pale panapokwenda kombo.

Naandika kwa ajili ya mtoto wa mdogo wangu. Ana miaka 23. Alikuja kwangu kutoka Kilifi baada ya kidato cha nne, akafanya vibarua vya kupakua mizigo, akajilipia mafunzo ya kuendesha foklifti, ile mashine ya kuinua mizigo, akapata cheti. Mapema mwaka huu aliitwa na kampuni moja ya Eneo la Viwanda. Mahojiano akapita. Jaribio la kuendesha akapita, tena aliniambia alipanga mbao juu ya rafu ya tatu bila kugusa nguzo. Ikabaki kupimwa afya katika kliniki iliyochaguliwa na kampuni: macho, mkojo, damu, presha, kisha ECG. Siku ya tatu akaambiwa hafai.

Hakuelezwa sababu. Alisimama pale mapokezi hadi karani mmoja mwenye imani akamtolea nakala ya karatasi yake. Alifika nyumbani jioni ameikunja mara nne ndani ya mfuko wa shati, akaniwekea mezani karibu na sahani ya ugali.

"Mama mkubwa, eti niliwahi kupata mshtuko wa moyo. Lini?"

Juu kabisa ya karatasi mashine ilikuwa imechapa kwa Kiingereza kwamba huenda misuli ya mbele ya moyo ilikufa siku za nyuma, muda haujulikani. Chini yake ikachapa kwamba ECG si ya kawaida. Kisha, kwa herufi ndogo, kwamba maelezo hayo hayajathibitishwa. Mahali pa sahihi ya daktari palikuwa patupu. Yaani kati ya mashine na kijana kukosa kazi, sikuona alama ya jicho la mtu yeyote.

Nataka wasomaji wako waelewe maneno yale hutoka wapi. Vibandiko sita kati ya vile 10 hupangwa kifuani kuanzia ukingo wa kulia wa mfupa wa kidari hadi chini ya kwapa la kushoto. Kila pigo la moyo huchora kilele chembamba, ambacho sisi hukiita wimbi la R. Kibandiko cha kwanza huona kilele kifupi, maana umeme mwingi wa moyo hukimbilia kushoto. Ukisogea, kilele kinarefuka. Ukifika kibandiko cha tatu au cha nne, sehemu inayopanda inakuwa imeizidi ile inayoshuka. Misuli iliyokufa haitoi umeme. Kwa hiyo kilele kisipokua inavyotakiwa, kanuni iliyomo ndani ya mashine husema: hapa misuli imekufa. Ni kanuni yenye maana kwa mzee wa miaka 60 mwenye kisukari aliyewahi kubanwa na kifua. Mashine hailijui hilo. Haimuulizi mtu kama anaumwa. Haijui hata kama moyo inaoupima umelala mahali pake.

Katika karatasi ya kijana wetu, kilele kilibaki kijiti hadi kibandiko cha tano. Hilo lilikuwa la kwanza. La pili, katika lidi ya kwanza, yaani ule mtazamo unaolinganisha mkono wa kulia na wa kushoto, wimbi kubwa lilikuwa likishuka badala ya kupanda, dalili kwamba mhimili, yaani mwelekeo wa jumla wa umeme wa moyo, umeelekea kulia. La tatu, kibandiko cha kwanza kifuani kilichora vilele viwili, mfano wa herufi M iliyopinda, kama inavyokuwa umeme unapochelewa kidogo kufika chumba cha chini cha kulia. Na moyo ulikuwa ukipiga mara 52 kwa dakika.

Nakiri kwamba jambo la kwanza nililofikiri ni kumlaumu mwenzangu wa ile kliniki. Ukibandika viwili vya kwanza juu mno, kwenye nafasi ya pili ya mbavu badala ya ya nne, utapata vilele viwili ambavyo havipo, na kilele kitachelewa kukua. Kosa hilo ni la kila siku. Wengi wetu hatuhesabu mbavu, tunakadiria kwa macho kwa sababu foleni ni ndefu. Ukibadilisha waya wa mkono wa kulia na wa kushoto, lidi ya kwanza yote inageuka kichwa chini. Lakini hapo ndipo niliposita. Nyaya zikibadilishana, hata lile wimbi dogo la mwanzo, la P, hugeuka. Hili lilikuwa limesimama wima kama kawaida. Hata moyo uliozaliwa upande wa kulia huligeuza wimbi hilo. Basi nyaya zilikuwa sawa, na moyo haukuwa kulia.

Kesho yake nikaenda naye kazini kabla ya wagonjwa kufika. Nikahesabu mbavu kwa kidole, polepole, kama nilivyofundishwa mwaka wangu wa kwanza. Nikapima. Karatasi ikatoka vilevile. Nikabandua vyote, nikapangusa, nikabandika upya. Vilevile. Nikaweka kiganja mahali ambapo pigo la moyo huhisiwa, chini ya chuchu ya kushoto. Hapakuwa na kitu. Nikasogeza mkono, nikasogeza tena, nikalikuta pigo karibu kabisa na kwapa, linagonga kwa nguvu.

"Mbona hapo ndipo ulipo siku zote?" akaniambia. "Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akicheka, anasema moyo wangu uko kwapani."

Nikamwambia alale ubavu wa kushoto. Akakunja uso. Akasema tangu darasa la saba halalii ubavu huo. Akiulalia, kitu humchoma na huhisi moyo umehama. Alipelekwa zahanati mara mbili akiwa mdogo, akapewa dawa za vidonda vya tumbo, akazimeza mpaka akachoka. Basi hakulalamika tena. Akajifunza kulala ubavu wa kulia, yakaishia hapo. Alipogeuka kitandani pangu, mchoro kwenye kioo ulibadilika mbele ya macho yangu, vilele vikawa virefu pale ambapo dakika moja kabla vilikuwa vifupi. Nikachukua vibandiko vingine nikaendelea nyuma ya kwapa, kuelekea mgongoni, mahali ambapo kwa kawaida hatupimi. Huko ndiko kilele kilikokuwa. Kirefu, safi, cha misuli iliyo hai.

Mhariri, kuna jambo nililolifikiria pale ambalo ni lazima niliseme, kwa kuwa najua sikuwa wa kwanza kulifikiria. Kama ningevisogeza vibandiko viwili vitatu kuelekea mgongoni na kuvipa majina yale yale ya kawaida, mashine ingechapa kwamba ECG ni ya kawaida. Mtoto wangu angekwenda na karatasi nzuri, pengine angepata kazi wiki hiyo hiyo. Kwa dakika kama mbili nilisimama nimeshika kibandiko mkononi. Sikufanya hivyo. Nawaomba wenzangu wa kazi hii wasifanye hivyo kamwe, hata wanapodhani wanamsaidia mtu, hata daktari anapowarudishia karatasi kwa hasira na kusema imepigwa vibaya. Rudia mara mbili. Ikitoka ileile, iache ilivyo na uandike kwa kalamu: imerudiwa, vibandiko viko mahali pake. Karatasi mbaya iliyopigwa kwa uaminifu ndiyo iliyotufikisha kwenye ukweli.

Niliipeleka kwa daktari wa moyo ambaye nimefanya kazi chini yake miaka mingi, mzee ambaye sasa huja kliniki siku mbili tu kwa wiki. Aliifunika ile mistari ya juu kwa kidole gumba, ndiyo tabia yake, hataki kuona mashine inasema nini. Akatazama kimya. Halafu akamuuliza kijana swali moja: "Unalalia ubavu gani?" Alipojibiwa, akaandika eksirei ya kifua.

Katika eksirei, moyo ulikuwa umesogea wote kushoto, lakini koromeo la hewa lilikuwa palepale katikati, halikuvutwa. Ukingo wa kulia wa moyo ulijificha nyuma ya uti wa mgongo. Na kati ya mshipa mkuu wa damu na ule unaokwenda mapafuni, ulimi wa pafu ulikuwa umejipenyeza mahali ambapo kwa kawaida hauna njia ya kupita. Mzee akaniita niangalie. "Kinachouzuia usipite," akasema, "hakipo."

Kinachouzuia ni mfuko wa moyo, ambao madaktari huuita perikadiamu. Wengi hatuujui kwa kuwa haumsumbui mtu. Ni utando wa tabaka mbili unaoufunika moyo wote, na kati ya tabaka hizo mna maji kidogo, mililita 15 hadi 50, ya kulainisha. Umeshikana na kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kwa chini na mfupa wa kidari kwa mbele, ndiyo maana moyo haurukiruki kifuani ukigeuka kitandani. Mimi mtu wa pwani niliuona kama kikapu cha ukili chenye dafu ndani. Kijana wetu alizaliwa na kikapu kisicho na ubavu wa kushoto. Dafu limelalia upande huo, na akigeuka, linabingirika.

Mdogo wangu alipopata habari alinipigia simu usiku akilia, anauliza alikula nini alipokuwa na mimba. Nilimuuliza mzee, na jibu lake nimelishika. Katika wiki za mwanzo kabisa tumboni kuna mshipa wa kushoto, uliopewa jina la Cuvier wa Ufaransa, unaoulisha utando unaokuja kuufunga mfuko huo. Mshipa huo hunyauka kwa watoto karibu wote, maana kazi yake huchukuliwa na mwenzake wa kulia. Wataalamu huamini kwamba kwa watoto wachache hunyauka mapema kuliko kawaida, na utando unakosa chakula kabla haujamaliza kufunga. Ndiyo maana kasoro hii huwa zaidi kushoto, karibu asilimia 70 ya visa. Hakuna alichokosea mama. Niliirudia sentensi hiyo kwenye simu mara nyingi, mpaka salio likaisha.

Ni kasoro adimu. Vitabu hutaja takribani mtu mmoja kwa kila maiti 10,000 zinazopasuliwa, na wanaume huwa kama mara tatu ya wanawake. Mwitaliano Realdo Colombo aliiandika mwaka 1559. Mwaka 1793 Matthew Baillie wa London akaieleza kwa namna ambayo hakuna aliyeitilia shaka. Wote wawili walikuwa wakitazama maiti. Mpaka mwaka 1959 ndipo madaktari walipoandika kwamba wameitambua kwa eksirei mgonjwa akiwa hai, miaka 400 kamili baada ya yule Mwitaliano. Nayasema haya kwa sababu kuna watu walionicheka kazini, wakisema natafuta ugonjwa wa vitabuni. Kuna vizazi vya watu waliozeeka na mioyo ya namna hiyo wakazikwa bila mtu kujua. Wapo na Nairobi, katika watu mamilioni tulio hapa, wengine huenda wako kwenye foleni ya matatu asubuhi hii.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonikosesha usingizi, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Mzee alitwambia kwamba kuna aina mbili. Ikiwa ubavu wote wa kushoto wa mfuko haupo, moyo unasogea, ECG inakuwa na sura ya kutisha kama ile ya kijana, na mashine inapiga kelele. Lakini mtu huyo, mara nyingi, yuko salama. Atachomwachomwa na maumivu, atachagua ubavu wa kulalia, na ataishi. Ikiwa mfuko upo lakini una tundu tu, hapo ndipo pana hatari. Kipande cha moyo, hasa kile kijisikio cha chumba cha juu cha kushoto, kinaweza kuchomoza kupitia tundu na kubanwa, kama kidole mlangoni. Ukingo wa tundu unaweza kuubana mshipa unaoulisha moyo wenyewe. Kuna waliozimia, kuna waliokufa ghafla. Na mtu huyo wa tundu, kwa kuwa moyo wake haukuhama sana, ECG yake inaweza kutoka ya kawaida kabisa.

Someni hapo tena, tafadhali. Aliyenyimwa kazi kwa karatasi mbaya anaweza kuwa salama. Aliyepewa kazi kwa karatasi nzuri anaweza kuwa hatarini. Kampuni inayochuja vijana kwa kusoma mstari wa juu wa ECG haijilindi na chochote.

Hatukujua kijana wetu ni wa aina gani. ECG haikuweza kutwambia. Ilielekeza kwenye aina ya kukosa ubavu wote, lakini mzee hakutaka kubahatisha. Kwanza tukafanya kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, na hapo tukapata hofu nyingine, maana chumba cha chini cha kulia kilionekana kipana na ukuta wa kati ulikuwa ukienda mrama. Mhimili kulia, vilele viwili, chumba cha kulia kipana: yote hayo hufanana na moyo wenye tundu kati ya vyumba vya juu. Kutafuta tundu hilo halikuwa jambo la kupuuza, kwani karibu thuluthi moja ya watu wasio na mfuko huzaliwa pia na kasoro nyingine, na tundu hilo ni mojawapo. Walitafuta, hawakuliona. Chumba kilionekana kipana kwa sababu moyo ulikuwa umegeuka na kutazamwa kwa pembe isiyo yake.

Iliyobaki ni MRI, kile kipimo cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Tulingoja wiki tano, na sitaeleza yote ya wiki hizo. Chama chetu cha akina mama hapa mtaani kilichangisha pesa kwa M-Pesa, mia mbili mia mbili, na nawashukuru mmoja mmoja. Kijana alilala sebuleni kwangu mlango ukiwa wazi ili nimsikie. Usiku mwingine niliamka saa nane nikaenda kuweka mkono mbavuni mwake, pale kwapani, kama mtu anayepima joto la mtoto.

Majibu yalikuja: ubavu wote wa kushoto haupo. Hakuna ukingo wa kubana kitu. Hakuna haja ya upasuaji. Kama lingekuwa tundu, wangezungumza juu ya kulifunga kwa kiraka au kulipanua ili lisibane, na hiyo ingekuwa barua nyingine. Mzee aliandika kwamba kijana anafaa kazi, ikiwemo kuendesha mashine, na arudi kuangaliwa kila mwaka.

Kuna jambo huwaambia vijana wanaojifunza kazi kwangu. Willem Einthoven, aliyeitengeneza mashine hii kule Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa karne iliyopita, alikuwa na mtambo wa kilo 270 hivi ulioendeshwa na watu watano, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu ndani ya ndoo za maji ya chumvi. Mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel. Mtambo ule haukuandika neno hata moja. Ulichora tu, na mtu ndiye aliyesoma. Mashine tulizo nazo leo unaweza kuzibeba kwa mkono mmoja, na ni neema kubwa. Mwaka wangu wa kwanza kazini tungezilipia kwa damu. Ubaya umeanza pale tulipoanza kusoma maneno na kuacha mchoro.

Haya ndiyo ninayoyaomba. Daktari anayelipwa na kampuni kupima vijana wa kazi aweke sahihi yake chini ya ECG aliyoisoma yeye mwenyewe, au aseme hajui na amtume mtu mbele. "Hafai" si jibu la kitabibu. Kijana mwenye mhimili uliolala kulia, vilele viwili na kilele kinachochelewa kukua, aulizwe maswali matatu tu kabla hajafukuzwa: kifua kinakuuma, unalalia ubavu gani, umewahi kuzimia? Kisha apigwe eksirei, ambayo hospitali nyingi za mjini zinayo. Nayasema haya nikijua kwamba dalili hizo, moja moja, hupatikana kwa vijana warefu wembamba wasio na kasoro yoyote. Ni zinapokaa pamoja, na pigo liko kwapani, ndipo mtu anapaswa kusimama.

Na kila mtu apewe karatasi yake. Si barua ya kusema amepita au hakupita. Karatasi yenyewe, yenye mistari. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupata taarifa zinazomhusu, na sioni taarifa inayomhusu mtu zaidi ya mchoro wa moyo wake. Kijana wetu aliipata kwa huruma ya karani. Asingeipata, angerudi Kilifi akiamini kwamba moyo wake umekufa nusu, na mimi ningemwamini. Wenye karatasi hizo majumbani, msiziweke kwenye plastiki wala karibu na jiko. Nyingi huchapwa kwa joto kama risiti za dukani, na hufifia. Toeni nakala. Mpigaji ECG atakayekupima miaka kumi ijayo atakushukuru, kwa kuwa karatasi ya zamani humwambia kama sura hiyo ni yako tangu hapo au ni jambo jipya la kukukimbiza hospitali.

Kwa wazazi: mtoto akikwambia moyo wake uko mahali pa ajabu, weka mkono hapo. Na mtoto anayezimia akicheza au anayeshikwa na maumivu ya kifua asimezeshwe dawa ya tumbo na kurudishwa shuleni. Apelekwe kwa daktari, na hata ECG ikitoka nzuri, mzazi aendelee kuuliza.

Barua ya mzee tuliipeleka kwenye ile kampuni pamoja na picha za MRI. Mwezi wa kwanza ukapita bila jibu. Ijumaa iliyopita kijana alipeleka nakala ya pili, akaomba igongwe muhuri wa kupokelewa, ikagongwa. Kwa sasa anapakua mizigo kule Gikomba kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na cheti chake cha foklifti kiko ndani ya droo yangu pamoja na karatasi zake zote.

Mama Zawadi,
Umoja, Nairobi